Ghala Lililojaa na Mtoto Asiyekua

Ndugu mmoja aliyeingia katika Uislamu miaka si mingi iliyopita, mkulima wa milimani mkoani Iringa, alinijia baada ya Swala ya Ijumaa akaniuliza swali ambalo tangu siku ile halijanitoka moyoni. Alisema: "Sheikh, ulanzi nimeuacha. Swala tano nimejifunza, na mke wangu naye amejifunza. Sadaka natoa kadiri ya uwezo wangu. Je, nyumbani mwangu limebaki jambo gani ambalo Mwenyezi Mungu ataniuliza?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwambia kwamba nitamtembelea, na siku ya pili yake nikaenda.

Nilipokewa kwa ukarimu mwingi, kama ilivyo desturi ya watu wa huko. Kuku alichinjwa kwa ajili yangu. Ghala lilikuwa limejaa magunia ya mahindi hata mlango wake ulifunguka kwa shida. Uani palikuwa na kuku wengine, migomba michache, mparachichi na kijibustani cha mboga. Karibu na moto, juu ya mkeka, alikaa mtoto wa kiume aliyekwisha timiza mwaka mmoja na miezi minane. Alikuwa kimya. Hakulia, hakucheza, wala hakumfukuza kuku aliyekuja kudonoa makombo mbele ya miguu yake. Kwa kumtazama tu nilimdhania kuwa ni wa miezi kumi. Niliomba kadi yake ya kliniki. Mstari wa uzito wake ulikuwa umepanda vizuri mpaka mwezi wa sita, kisha ukalala kama njia iliyofika bondeni. Baba alitabasamu akasema: "Ukoo wetu sisi ni wafupi, Sheikh."

Hapo nilijua kwamba swali lake la Ijumaa limepata jibu.

Ndugu wasomaji, Nyanda za Juu Kusini ni ghala la Tanzania. Mahindi ya Iringa na Mbeya hulisha miji ya mbali. Mchele wa Kyela na Mbarali unasifiwa nchi nzima. Rungwe ina ndizi na maziwa. Viazi vya milima ya Uporoto hujaza malori. Mtu angetazamia kwamba watoto waliozaliwa katikati ya neema hiyo ndio wenye siha kupita watoto wote wa nchi hii. Lakini uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha mambo mengine kabisa. Katika Tanzania nzima, watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa, yaani ambao kimo chao hakifikii kinachostahili umri wao, walikuwa 30 katika kila 100. Mkoani Iringa walikuwa karibu 57, idadi kubwa kuliko ya mkoa wowote mwingine. Njombe, ambayo mpaka mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya mkoa wa Iringa, walikuwa 50. Mbeya walikuwa na nafuu, ila hata huko walizidi 31. Basi ghala limejaa, na mtoto anayeishi karibu nalo ana njaa.

Wala huo si ufupi wa ukoo, kama alivyodhani ndugu yetu. Shirika la Afya Duniani liliwapima watoto waliolelewa vizuri wa Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani, na katika vipimo lilivyotangaza mwaka 2006 ilidhihirika kwamba katika miaka ya kwanza watoto wa mataifa yote hayo hukua kwa kadiri inayokaribiana mno. Mwenyezi Mungu hakuwapunja watoto wa Wahehe, Wabena, Wasafwa wala Wanyakyusa. Anayedumaa amedumazwa. Na madhara yake hayaishii katika kimo: ubongo nao hujengwa katika miaka hiyo hiyo, na mtoto aliyekosa chakula cha kumfaa tangu tumboni mwa mama yake hadi atimizapo miaka miwili huugua mara kwa mara, huchelewa kuelewa masomo, na sehemu kubwa ya kilichopotea hakirudi tena hata akilishwa vizuri baadaye. Wataalamu huhesabu muda huo kuwa ni siku 1,000 hivi.

Njaa hii huingiaje katika nyumba yenye chakula? Haiingii kwa kishindo. Msimu wa mvua mama huondoka alfajiri kwenda shamba. Kabla ya kuondoka humpa mtoto uji, kisha humbeba mgongoni au humwacha kwa dada yake, naye ni mtoto vile vile. Hurudi jioni na mzigo wa kuni kichwani, hutafuta maji, huwasha moto, husonga ugali. Mtoto hupata tonge la ugali na mchuzi, pengine akiwa amekwisha sinzia. Kwa hiyo tangu asubuhi hadi usiku amekula mara mbili. Mtu mzima aweza kuvumilia hivyo. Tumbo la mtoto ni dogo, haliwezi kuchukua akiba ya mchana kutwa. Tena uji wenyewe una taabu yake. Ukiwa mzito, mtoto hawezi kuumeza. Mama akiuongeza maji ili umezeke, tumbo hujaa maji na nguvu ni haba. Mayai hukusanywa ili yauzwe. Maharage huuzwa. Maziwa hupelekwa kwa mnunuzi. Mnunuzi wa mahindi naye akifika na lori, mwenye kuhesabu magunia na kupokea fedha ni baba, na mara nyingi mama husikia bei kwa jirani.

Kisha kuna pombe. Nalitaja jambo hili ingawa wasomaji wetu wengi wamekwisha achana nalo, kwa sababu majirani zao na wazazi wao bado wamo ndani yake. Mvua zinapokolea na mianzi ikaanza kutoa ulanzi, wako baba ambao hawaonekani nyumbani tangu alasiri. Wako pia wanaowapa watoto ulanzi mpya wakisema kwamba bado ni mtamu na hauna ukali. Kinywaji hicho huchacha saa kwa saa, na mtoto aliyenyweshwa hulala. Mama hudhani ameshiba.

Sasa tuitazame sheria ya Mwenyezi Mungu. Watu wengi wanaoanza kuisoma Kurani Tukufu hustaajabu wakikuta kwamba Kitabu kilichoteremshwa kufundisha Umoja wa Mungu na maisha ya Akhera kimezungumza pia juu ya kunyonyesha. Katika Sura ya pili imeelezwa kwamba muda kamili wa kunyonya ni miaka miwili kwa anayetaka kuutimiza. Pale pale baba amewajibishwa kumlisha na kumvika mama anayenyonyesha, kwa wema na kwa kadiri ya uwezo wake, wala mama hapaswi kutiwa taabuni kwa sababu ya mtoto wake. Ikiwa wazazi wanataka kumwachisha mtoto kabla ya muda huo, wanaruhusiwa, lakini kwa sharti: wote wawili waridhiane na washauriane. Zingatieni jambo hili. Kumwachisha mtoto maziwa, ambako katika nyumba nyingi huitwa "mambo ya wanawake", Mwenyezi Mungu amekuweka katika mashauri ya mume na mke. Baba asiyejua mtoto wake anakula nini, na mara ngapi kwa siku, amekwisha jitoa katika shauri ambalo Mola wake alimwita.

Na Mtume wetu mtukufu Muhammad s.a.w. ndiye aliyekuwa yatima, akapewa mama wa kumnyonyesha, Bibi Halima wa kabila la Banu Saad, akakaa naye shamba, mbali na mji wa Makka. Maisha ya mtoto wa kijijini hakuyasikia kwa watu, aliyaishi mwenyewe.

Wanahistoria wa Kiislamu wamesimulia kisa cha Hadhrat Umar r.a., Khalifa wa Pili, ambacho ningependa kila baba akijue. Msafara wa wafanyabiashara ulipiga kambi karibu na Madina, na Hadhrat Umar r.a. pamoja na Hadhrat Abdurrahman bin Auf r.a. wakatoka usiku kuulinda. Wakasikia mtoto akilia. Hadhrat Umar r.a. akamwendea mama yake akamwambia amche Mungu na amtazame mtoto wake. Baada ya muda kilio kikasikika tena, akaenda tena. Usiku ulipokaribia kwisha akasikia kilio mara ya tatu, akamkemea yule mama na kumwuliza kwa nini mwanawe hatulii. Mama, asiyejua anazungumza na nani, alijibu kwamba anamlazimisha mtoto aache kunyonya kabla ya wakati, kwa sababu Umar hatoi posho ila kwa mtoto aliyekwisha acha maziwa. Asubuhi Hadhrat Umar r.a. alisalisha Swala ya Alfajiri, na watu hawakuweza kuyasikia vizuri aliyokuwa akiyasoma kwa vile alivyolia. Baada ya Swala alijilaumu mwenyewe, akihofu ni watoto wangapi wa Waislamu waliokufa kwa ajili ya amri yake. Kisha akatangaza katika nchi zote kwamba tangu siku hiyo kila mtoto atapewa posho mara tu anapozaliwa, ili mama yeyote asiharakishe kumwachisha.

Hadhrat Umar r.a. hakumwua mtoto yeyote kwa mkono wake. Alikuwa ameweka kanuni tu, na kanuni yenyewe ilikusudiwa kuwa ni neema. Lakini alipoona kwamba kanuni ile inakata maziwa kinywani mwa mtoto, hakusema kwamba kosa ni la mama. Alijihesabia yeye.

Kurani Tukufu inakataza mara mbili kuwaua watoto kwa kuogopa umaskini, na inaahidi kwamba riziki yao na yetu iko kwa Mwenyezi Mungu. Msomaji wa leo hupita haraka hapo, akijiambia kwamba jambo hilo lilihusu Waarabu wa zamani. Sidhani kwamba imetupasa kupita haraka. Anayeuza mayai yote kwa sababu anaogopa kupungukiwa, mtoto wake akabaki na uji wa maji, bila shaka si mwuaji. Lakini ni hofu ile ile inayomwongoza. Na Mtume s.a.w. amefundisha kwamba yatosha kuwa dhambi ya mtu kuwapotezea chakula wale ambao chakula chao kiko mikononi mwake.

Pengine mtu atasema kwamba mambo haya ni mazito kwa mkulima wa kijijini, na kwamba yanahitaji hospitali na fedha. Historia ya Iringa yenyewe inamjibu. Mwaka 1983 serikali yetu, pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, na kwa msaada wa fedha za serikali ya Italia, ilianzisha mpango wa lishe mkoani humo katika vijiji 168. Kila baada ya miezi mitatu ilifanywa Siku ya Afya ya Kijiji. Watoto waliletwa, wakapimwa uzito, na matokeo yakasomwa mbele ya wanakijiji wenyewe. Ilipoonekana kwamba mtoto fulani amepungua, halmashauri ya kijiji haikungoja daktari kutoka mjini. Iliuliza: mtoto huyu hula mara ngapi? Mama yake yuko wapi mchana? Nani hubaki naye? Kutokana na maswali hayo vijiji vilianzisha mahali pa kuwalisha na kuwatunza watoto wakati mama wako shambani. Mwaka 1984 watoto wenye uzito pungufu walikuwa 56 katika kila 100. Kufika mwaka 1988 walikuwa wameshuka hadi 38. Wale waliokuwa katika hali mbaya kabisa walishuka kutoka 6 hadi chini ya 2. Kipimo kile kilikuwa cha uzito, na kile nilichokitaja cha mwaka 2022 ni cha kimo, kwa hiyo hesabu hizi mbili zisilinganishwe moja kwa moja. Lakini wenye kuzishusha hesabu za wakati ule walikuwa wakulima, kwa mizani ya kuning'iniza na maswali waliyoulizana.

Katika miaka hiyo hiyo ilifanywa kazi nyingine ambayo mimi huikumbuka kila ninapozungumza na ndugu walioacha pombe. Watafiti walikwenda katika kijiji cha Luganga, Iringa, wakiwa na jambo ambalo kila mpika pombe analijua: kimea. Ulezi hulowekwa, ukaachwa uchipue, ukaanikwa, ukasagwa. Mpika pombe hukitumia kuchachusha. Wao walichukua unga wa kimea kidogo tu, wakautia katika uji mzito wa mtoto, na uji ule ukalegea wenyewe pasipo kuongezwa maji. Mama anaweza kuuchemsha tena kidogo, ukipoa mtoto akaumeza kwa urahisi. Na ndani yake mna unga mwingi kuliko katika uji wa maji wa bakuli lile lile. Basi bibi zetu waliopika komoni na kimpumu walikuwa na dawa ya mtoto mkononi, ikaishia katika mtungi wa pombe! Ndugu aliyeacha kupika pombe asikisahau kimea. Abadilishe chungu tu. Na uji huo uongezewe kitu: karanga zilizopondwa, maziwa, yai, au maharage yaliyopikwa yakasagwa, na mboga za majani pembeni. Parachichi lililoiva halihitaji hata kupikwa. Mtoto wa miezi sita huanza kulishwa mara mbili au tatu kwa siku pamoja na maziwa ya mama. Anapokaribia mwaka hulishwa mara tatu au nne. Kabla ya miezi sita maziwa ya mama yanamtosha, hata maji hayahitaji.

Wengine hukimbilia kadari. Husema: "Mungu ndiye aliyemwandikia hivi." Mimi huwauliza jambo moja. Mahindi yako yakigeuka manjano mwezi wa pili, husema kwamba Mungu ameyaandikia manjano? La! Unatafuta mbolea, na kama huna fedha unakopa. Viwavi wakiingia shambani hulali. Basi imekuwaje subira yote imehifadhiwa kwa ajili ya mtoto? Anayeitegemea riziki ya Mwenyezi Mungu hupanda, hupalilia na hulinda ndege. Na mtoto naye ana kupaliliwa kwake.

Jambo lililo gumu zaidi kwetu sisi wanaume, naona, si la chakula bali la kazi. Mama mwenye mimba anayebeba kuni na maji mpaka mwezi wa tisa, kisha akarudi shambani na mtoto mchanga, hata ukimjazia nyumba vyakula hana saa ya kumlisha mtoto mara nne. Saa hizo lazima zitoke kwa mtu mwingine, na mtu huyo yuko nyumbani. Bibi Aisha r.a. ameeleza kwamba Mtume s.a.w. alikuwa akifanya kazi za nyumbani, akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake. Alisalisha hali amembeba Umama, binti wa binti yake. Akisujudu humweka chini, akisimama humchukua tena. Alikuwa akianza Swala kwa nia ya kuirefusha, kisha akisikia mtoto analia aliifupisha, kwa kujua uchungu unaomshika mama. Ikiwa Swala yenyewe ilifupishwa kwa ajili ya kilio cha mtoto, je, mwanamume akionekana njiani na ndoo ya maji, heshima yake imepungua wapi? Najua watu watacheka. Waliuchekea pia uamuzi wake wa kuacha ulanzi.

Niseme neno juu ya bibi. Katika mikoa hii UKIMWI uliwachukua wazazi wengi, na nyumba si chache bado zinaendeshwa na bibi anayelea wajukuu kwa nguvu za uzeeni. Huyu hana mume wa kumshauri. Jamaa wa msikitini na majirani ndio wa kumwuliza, kabla ya yeye kuomba, kama wajukuu wamekula na kama kuni zipo.

Turudi kwa ndugu yetu. Sikumhubiria mbele ya mkewe. Tulikaa nje, nikamwonyesha ule mstari wa kadi, nikamsimulia kisa cha Hadhrat Umar r.a. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akamwita mama watoto, akamwuliza, nadhani kwa mara ya kwanza, huyu mtoto anakula mara ngapi. Mama alitaja: asubuhi na usiku. Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba angependa kumpa mayai, lakini mayai ni ya kuuza. Mume akasema: "Basi yasiuzwe." Wakakubaliana pia kwamba madebe mawili ya maharage na karanga zote zibaki ndani, na kwamba kuni zitachanwa na kubebwa na yeye mume mpaka mtoto atimize miaka miwili.

Niliwatembelea tena baada ya mavuno. Mstari wa kadi ulikuwa umeanza kupanda, ingawa kimo bado kilikuwa nyuma ya umri. Mtoto alikuwa uani, akimfukuza kuku kwa kijiti na kuanguka na kuinuka tena. Baba alimtazama kwa furaha, halafu akamgeukia binti yake mkubwa wa miaka saba, yule aliyekuwa akimbeba mdogo wake mgongoni mchana kutwa, naye ni mdogo kwa umbo kama mtoto wa miaka minne. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Sheikh, na huyu je?"

Nilimwambia ukweli, kwamba sehemu ya kimo chake haitarudi. Lakini mwili wake bado unahitaji kula vizuri, akili yake inahitaji shule, na mgongo wake haukuumbwa kuwa kitanda cha mtoto mwingine. Tena huyu naye atakuwa mama siku moja, na mama aliyedumaa huelekea kuzaa mtoto mdogo. Januari iliyofuata aliandikishwa darasa la kwanza. Asubuhi ile baba yake alimsindikiza mwenyewe, na yule mdogo alikuwa mabegani mwa baba.